Magodoro Yaliyoziba Mtaa

Fundi cherehani alikuwa na chumba kimoja cha duka, cherehani ya miguu, na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: sare za shule nzima. Asubuhi alikata vitambaa na kushona mpaka jua lilipofika utosini. Kisha alipiga kufuli, akaenda mtaa wa pili kumpa chakula mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua. Akimaliza, alirudi haraka.

Mchana mmoja alirudi, akakuta kufuli limekatwa. Majora yote ya kitambaa cha sare yalikuwa yamekwenda.

Alipiga kelele? Hata kidogo. Alifagia. Akafuta mlango kwa maji na sabuni, akatupa lile kufuli, akaweka jipya. Mteja alipoingia, alimchekea kama siku zote. Aliogopa duka lake kuingia doa, maana nani ataacha kitambaa chake mahali panapoibiwa? Na wenye maduka wote wa mtaa ule ndivyo walivyokuwa. Mtu aliibiwa, akafagia, akanyamaza kimya.

Lakini mwalimu mkuu hafichwi kitambaa cha shule. Alikasirika sana. Mwishowe alimpa kitambaa kingine, ila akamwambia wazi: hiki nacho kikipotea, kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Fundi alirudi analia njia nzima. Mumewe, dereva wa lori, alimpigia simu kutoka safarini. Akamshauri afunge duka, ashonee nyumbani.

"Sifungi," fundi alimjibu. "Nimelianzisha kwa jasho langu, mwizi hanifungii."

Alifuta machozi, akafunga kibwebwe, akaenda kituo cha polisi. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alipokewa na sajini mwanamke, mtu wa sauti ya chini, aliyemsikiliza mpaka mwisho. Kisha sajini akamuuliza aliukutaje mlango.

"Nilifagia, afande. Na mlango nikauosha."

Sajini alishika kichwa. "Mama, alama za vidole vya mwizi umezifuta kwa mkono wako. Siku nyingine usiguse kitu. Simama nje, utupigie simu. Na wenzako je, wameibiwa?"

Fundi alisema hajasikia. Sajini akatikisa kichwa. Alieleza kwamba doria hupita mtaa ule jioni tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuripoti chochote. Polisi hawaoti, alisema. Wasipoambiwa, hawajui.

Kesho yake alasiri, fundi aliwaita wenye maduka dukani kwake, na sajini akakaa nao. Kinyozi alikuwepo. Fundi simu alikuwepo. Alikuwepo pia shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, muuza magodoro. Huyu ndiye aliyemtafutia fundi chumba kile, na fundi hakuzoea hata kumtazama usoni.

Sajini aliuliza nani ameibiwa. Watu wakatazama sakafu.

Fundi akajikaza kisabuni. Alisema yeye ameibiwa kitambaa cha shule, tena mchana kweupe. Kinyozi akakohoa, akasema mashine zake za kunyolea nazo zilikwenda mchana. Fundi simu akakiri kwamba simu za wateja ziliibiwa, naye aliwaambia zimeungua. Watu wakacheka, hata yeye. Kumbe wote waliibiwa saa za kula, na wote maduka yao yalikuwa upande mmoja wa barabara.

Sajini aliuliza mtu anajificha wapi akikata kufuli mchana. Kila mmoja alijua. Shemeji alikuwa akisimamisha magodoro yake nje, kuanzia mlango wake, kupita maduka ya kinyozi na fundi simu, hadi mlango wa fundi, kama ukuta. Nyuma yake mtu angeweza kukata kufuli huku anapiga mluzi.

"Shemeji," fundi alisema. "Nakuheshimu, na chumba hiki nimekipata kwa ajili yako. Lakini magodoro yako ndiyo yanamficha mwizi. Nakuomba uyaingize ndani."

Shemeji alikuja juu. Mteja asipoona godoro, alisema, atanunua hewa? Kisha akajikuna kidevu.

"Hata mimi walinichukulia mashuka," alisema polepole. "Niliona haya. Mtu mzima naibiwa nyuma ya magodoro yangu mwenyewe." Safari hii hakuna aliyecheka.

Wakakubaliana. Magodoro yatakaa ndani. Watakula kwa zamu, na mmoja atabaki nje akiangalia mtaa. Kila mtu ataweka namba ya kituo kwenye simu yake. Doria itapita mchana. Sajini akaongeza moja, na hapo aliwatazama machoni: wakimkamata mtu, wasimpige. Wamwite askari.

Haukupita muda mrefu. Siku ya zamu ya kinyozi, mtu alichuchumaa mlangoni kwa fundi na mkasi wa kukatia chuma. Kinyozi alipiga simu kituoni kwanza, ndipo akawaita wenzake. Fundi aliporudi kutoka kwa mama mkwe wake, alikuta umati umemzunguka mwizi. Shemeji yake alikuwa mbele, ameinua ubao.

Fundi alipenya, akasimama katikati.

"Shemeji, weka chini."

"Huyu ametuibia riziki yetu!"

"Ndiyo. Ndiyo maana namtaka mzima, aseme. Ukimuua, mali zetu atatuonyesha nani? Na wewe leo utalala nyumbani au rumande?"

Fundi hakusogea, ingawa hofu ilikuwa imemjaa. Ubao ukashuka. Askari wa doria hawakuwa mbali, wakafika wakamchukua mtu wao akiwa mzima.

Naye akasema. Aliwaonyesha askari stoo iliyokuwa na mashuka, simu na mashine za kinyozi. Wenzake nao wakakamatwa. Kitambaa cha kwanza cha shule hakikupatikana, kilikuwa kimeshauzwa. Kile cha pili kilishonwa chote.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuchukua sare. Alizigeuza, akakagua mishono, akaridhika. Akauliza kama kitambaa cha mwaka ujao akipeleke kwa fundi mwingine, au mtaa huu sasa unaaminika.

"Kilete hapa, mwalimu," alisema fundi. "Tunalinda wote."