Uchawi Lazima Utamkwe

"Umetamka au hujatamka?" Kinyozi aliuliza, mikono kiunoni.

Fundi Saa alitazama ukutani. Saa tisa na dakika arobaini. Mguu wake chini ya meza haukutulia hata kidogo.

"Nimefikiria."

"Amefikiria! Jamani, huyu mtu atatuua! Mchawi wako ana nguvu za kuroga mara tatu tu kwa siku, mpaka alale ndipo zirudi. Mbili umeshatumia. Imebaki moja, na lazima uitamke kwa sauti. Ukifikiria tu, joka halikusikii!"

Kila Jumamosi mchana walikutana chumba cha nyuma cha kinyozi kucheza mchezo wao wa kuigiza hadithi, na ramani yao waliyoichora kwenye boksi na kete ya pande ishirini. Kinyozi alisimulia na kusimamia sheria. Fundi alikuwa mchawi. Nesi, dada mdogo wa Kinyozi, alikuwa askari wa upanga, na sasa hivi askari huyo alikuwa amelala chini ya kucha za joka.

Lakini si joka lililomtoa Fundi jasho. Jumatano Nesi alimwambia amepata uhamisho, hospitali ya mbali, miaka miwili, na jibu linatakiwa kabla ya saa kumi Jumamosi. Naye, badala ya kusema lililomjaa kifuani, akasema, "Aa, hongera." Hongera! Tangu hapo chakula hakipiti.

Akachomoa simu chini ya meza, akaandika: "Kuhusu ile kazi, naomba tuongee."

Simu ya Nesi ikatetema. Akasoma, akaifunika kifudifudi.

"Kaka, mezani kwako ujumbe wa simu unahesabika?"

"Hauhesabiki. Kinachohesabika ni cha mdomoni, na kikitoka hakirudi. Lililosemwa limesemwa."

"Umesikia, Fundi? Askari wangu anakufa. Huo uchawi wa mwisho unamwekea nani? Kila Jumamosi unarudi nao nyumbani!"

"Naogopa kuupoteza."

"Ukilala nao ndiyo umeupata?"

Fundi akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nakupenda! Nakupenda tangu siku ile ulipoleta saa ya marehemu baba yenu. Nilikaa nayo wiki tatu, na ilikuwa kazi ya dakika tano! Nilitaka tu urudi kuiulizia. Usiende, tafadhali."

"Wiki tatu!" Kinyozi aliruka. "Si uliniambia kipuri hakipatikani?"

"Kaka, nyamaza kwanza."

Nesi alikuwa anaizungusha kete kwa vidole. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Umechelewa, Fundi. Nimeshawajibu asubuhi. Nimekubali."

"Si ulisema saa kumi?"

"Saa kumi ni mwisho wao. Wangu ulikuwa jana. Nimekungoja Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila simu ikilia naruka, kumbe kaka anaulizia sabuni. Nilichoka."

Fundi akatazama saa ya ukutani, ile aliyoitengeneza mwenyewe. Zamani angesema "sawa" na kuondoka zake. Akauma mdomo.

"Huko unakokwenda, watu wanavaa saa?"

"Wanavaa. Kwa nini?"

"Zinaharibika?"

Nesi akacheka, na machozi yakamshuka hapohapo.

"Zitakosaje kuharibika, wewe?"

"Basi nakuja. Meza yangu ya kazi inaingia kwenye sanduku moja. Nipe wiki mbili nimalize saa za watu, nikufuate. Ukinitaka."

"Wiki mbili za kweli, au za kipuri hakipatikani?"

"Za kweli."

"Nakutaka. Njoo."

Kinyozi akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa ukali wa msimamizi wa sheria.

"Limesemwa?"

"Limesemwa," wakajibu pamoja.

Akainua kile kiti kilichoanguka, akakifuta vumbi kwa taulo lake la begani, akasukuma kete mbele ya Fundi.

"Haya, kaa. Joka bado limemkalia dada yangu. Tamka, shemeji!"