Viraka vya Mlango wa Nyuma

Ulikuwepo siku ile, usinikatalie. Ulipita kwenye mitumba, ukaona watu wawili wanavutana kitu, ukacheka, ukaenda zako. Ndiyo kawaida yako. Hata miaka ile kiwanda cha nguo kilipoungua ulivuka upande wa pili wa barabara, kitambaa puani. Leo utakaa usikie.

Walichokuwa wakivutana ni mfarishi, lile shuka zito la viraka linaloshonwa kwa mkono na kujazwa pamba. Upande mmoja bawabu wa kiwanda hicho, kilichokwisha kujengwa upya, kijana mrefu, mgeni mjini, sare yake ya kijivu imenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate. Upande wa pili fundi cherehani, gauni la njano, futi ya kupimia shingoni kama mkufu.

"Dada, mimi ndiye niliyeushika kwanza."

"Umeushika tu. Mimi naujua."

"Kwani umeandikwa jina lako?"

"Geuza pembe hiyo unayoivuta. Nilipokuwa mdogo niliikata kwa mkasi. Mama akanichapa, kisha akaiziba kwa mfuko wa shati."

Bawabu akageuza. Mfuko ulikuwepo, na kifungo chake. Akauachia taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto kwa mamaye.

"Basi uchukue, bibie. Ila ukimaliza kuutengeneza, nije angalau niuguse?"

"Uuguse mfarishi au mwenye mfarishi?" akadakia muuzaji, na watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akiwa ameficha uso kwenye viraka vyenye harufu ya vumbi na dawa ya nondo.

Mama yake aliushona kwa vipande vilivyobaki kiwandani. Mama alipokufa kwenye moto ule, mjomba aliuza kila kilichobebeka nyumbani, kitanda na vilivyokuwa juu yake. Tangu siku hiyo binti hakuwahi kupita kwenye rundo la mitumba bila kuingiza mkono.

Kila alipopata mapumziko, bawabu alikwenda chumbani kwa fundi, mlango wazi ili majirani wasichoke kuchungulia. Fundi alifumua nyuzi zilizooza, akaosha kwa maji ya uvuguvugu bila kukamua, akapanga viraka vipya kando ya vya zamani. Kazi ya bawabu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano.

"Umekosa tena, kipenzi. Tundu liko huku."

"Macho yananipofuka. Nimekaa karibu mno na moto."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Siku moja fundi alikuwa akipapasa kiraka chekundu. "Vipande hivi mama alivitoa kiwandani, kavificha ndani ya kilemba. Angekamatwa, angefukuzwa."

Bawabu akacheka, cheko la mtu anayesimulia kazi yake. "Wafanyakazi hawajaacha hadi leo! Ndiyo maana huwa naufunga mlango wa nyuma. Wakishaingia wote, kufuli. Bila hivyo vitambaa vyote vingehama."

Sindano ikasimama.

"Ukienda kunywa chai, ufunguo unakaa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

Bawabu alijua kuwa zamani kulikuwa na moto. Kwamba mlango ulikuwa umefungwa, nani alimwambia? Wewe ulijua. Ulimwambia?

"Mama yangu alikutwa kwenye mlango huo," fundi alisema. "Walirundikana hapo, wamekumbatiana. Kwa ajili ya hivi vipande unavyovikalia. Na mdogo wangu sasa yuko humo humo, meza ya kushonea kola. Unamfungia wewe."

"Mpenzi, mimi natekeleza amri tu..."

"Toka. Acha sindano yangu, toka."

Bawabu akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Siku fundi alipopokea, alisikia kwanza mngurumo wa vyerehani.

"Usikate, nakuomba. Unasikia?"

"Nasikia mashine. Unataka nini?"

"Sasa je, unasikia nini?"

Upepo ukavuma kwenye simu.

"Nimeufungua mlango wa nyuma. Nimeweka kiti changu hapa katikati, nimekaa."

"Watakufukuza, we mwendawazimu."

"Wakubwa hao wanakuja. Nawaona." Kisha akasema harakaharaka, "Mdogo wako amenipungia mkono."

Walimfukuza kabla ya chakula cha mchana. Jioni mlango ulikuwa na kufuli jipya, na juu ya kufuli mnyororo.

Bawabu alimkuta fundi akiushona mfarishi, yeye amevaa fulana iliyolegea shingo, sare imebaki kiwandani. Fundi akasogea, akampa upande mmoja wa mfarishi aushike. Waliushona pindo lote hivyo, magoti yakigusana.

"Nataka kukuoa," bawabu alisema.

"Nakupenda, mjinga wewe. Lakini sitajipamba huku mdogo wangu yuko nyuma ya mnyororo. Siku mlango ule utakapofunguliwa, nitakujibu."

"Aache kazi, basi."

"Kiti chake kitakaliwa na mdogo wa mtu mwingine."

"Na moto ukitangulia?"

Fundi akakata uzi kwa meno. Machozi yakadondoka kwenye kiraka chekundu, naye hakuyafuta.

Hawa wawili wamefanya yao. Mmoja ametoa kazi yake, mwingine ndoa yake. Wewe umetoa nini? Wanawake wako ndani saa hii, vyerehani vinanguruma, mnyororo uko nje. Vaa viatu. Mgongee jirani, naye amgongee wake, mkasimame nyuma ya kiwanda kile, na asiondoke mtu mpaka mnyororo uanguke. Inuka!