Pozi la Maiti

“Acha miguu ife,” Nekoye alisema kwa sauti ya chini. “Acha mikono ife. Acha hata jina lako life kidogo.”

Wanafunzi wake walikuwa wamelala chali kwenye mikeka, macho wamefumba, kila mmoja amejifunika shuka jeupe mpaka shingoni kwa sababu baridi ya Kitale haina huruma. Mzee Hiram, mwalimu mstaafu, alikuwa ameanza kukoroma. Emmy wa saluni alikuwa akijikaza asicheke. Sellah, muuza sukuma wiki kutoka Kipsongo, alikuwa ameshasafiri mbali. Hili ndilo pozi la maiti, pozi la mwisho katika kila darasa la yoga, na Sellah alilipenda kuliko yote.

“Ni hapa tu mtu haniambii niinuke,” alizoea kusema.

Mlango ulipigwa teke ukafunguka, kundi la vijana likajaa hapo.

“Ndio hawa! Si niliwaambia wamekufa!”

Jiwe lilipasua dirisha. Sellah aliketi wima ghafla aone kuna nini, na jiwe la pili likampata jichoni. Alitoa ukemi uliosikika mpaka barabarani. Emmy na Mzee Hiram nao wakaruka na mashuka yao, na wawili kati ya mashujaa waliokuja kuokoa watu walipoona maiti wanafufuka wakatimua mbio ngazini wakimwita Yesu. Waliobaki hawakukimbia. Walianza kupiga.

Mbele yao alikuwa Sifuna, kaka yake Nekoye, ametoka nyumbani kwao Misikhu asubuhi hiyo na rungu mkononi.

“Nekoye! Mama alikuzaa ukuwe mchawi?”

“Sifuna, weka hiyo kitu chini! Huyu mama anatoka damu!”

“Ati mama gani? Umelaza watu kama maiti! Hukusikia wale waumini walifungishwa kula kule msituni mpaka wakakufa? Unataka ukoo wetu utajwe kwa redio?”

“Wako hai! Waangalie, si wako hai?”

Alijibiwa kwa kofi. Nekoye akaanguka juu ya vipande vya kioo, na Sifuna akainua rungu.

“Bakoki! Acha!”

Wabwile alikuwa amepanda mbio kutoka dukani kwake chini, anakouza mbegu na chakula cha kuku. Ndiye mchumba wa Nekoye. Yeye na Sifuna walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Wabukusu watu kama hao huitana bakoki mpaka kaburini. Bakoki humwinulii mkono, na siri yake huitoi.

Sifuna alimkodolea macho.

“Bakoki? Lakini si wewe—”

“Nyamaza! Huyu ni dadako!”

Kijana mmoja mwenye chuma alimpiga Wabwile mkononi. Mfupa ulilia. Wabwile, ambaye miaka ya nyuma alikuwa akivunja watu meno kwa kukanyagwa kiatu tu, hakurudisha. Alipumua kwa pua, polepole, vile alivyofundishwa, na akamfunika Nekoye kwa mwili wake mpaka polisi walipofika na kila mtu akatoweka.

Sasa nyinyi mnaosoma na tayari mmempenda huyu Wabwile, siwalaumu. Nekoye pia alimpenda. Alikulia nyumba ambayo baba akirudi, watoto walikuwa wanajificha nyuma ya ghala la mahindi, na mama alikuwa akienda sokoni na leso imefunika nusu ya uso. Aliapa hataolewa na mwanamume wa ngumi. Wabwile alipomtongoza, Nekoye alimwambia wazi:

“Njoo darasani. Ujifunze ahimsa.”

“Hiyo ni mazoezi ya tumbo?”

“Ni kutodhuru. Hutampiga mtu, hutamtukana, na hutamtakia mabaya. Ni mkono, mdomo na moyo. Ukiweza hiyo, mimi ni wako.”

Wabwile alikuja na mkeka wa kijani, akautandika karibu na dirisha, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akikunja ngumi. Jumamosi iliyokuwa ikija ndiyo wazee wake wangefika Misikhu kuzungumza mahari.

*

Hospitalini, Nekoye na Wabwile walimkuta Sellah amefungwa bandeji nusu ya kichwa. Daktari alikuwa amesema bila kuzungusha maneno: jicho halikuokoka.

“Mwalimu,” Sellah aliuliza, “kwani tulifanya nini?”

Nekoye alitoka mpaka kwenye benchi nje, akalia mpaka kamasi. Wabwile akaketi kando yake, mkono umefungwa plasta.

“Ngumi yangu ilitaka kutoka,” alisema. “Nikakumbuka sauti yako. Nikapumua.”

“Nilikuona.”

“Sijapiga mtu, Nekoye. Hata mmoja.”

“Najua, mpenzi wangu. Najua.” Alimbusu kwenye plasta. “Nitakuwa bibi yako mpaka nizeeke.”

“Basi nisikize. Tufunge hiyo darasa. Turudi Bungoma, nifungue duka huko, tuzae. Hii yoga imekula jicho ya mtu.”

Nekoye aliinua uso.

“Yoga ilirusha jiwe?”

“Sijasema hivyo. Nasema uachane nayo, bana. Na kanisani wananicheka. Ati bibi ya Wabwile anashika wanaume mgongo.”

“Mzee Hiram ndiye mwanamume?”

“Wacha tu. Tutaongea Jumamosi.”

Kwenye simu ya Nekoye uliingia ujumbe kutoka kwa mama yake: “Mwanangu, Sifuna amerudi hapa anarara tu hakuri. Hataki kusema nani arimwambia hiyo maneno. Njoo.”

*

Jumamosi, Misikhu ilikuwa imepambwa. Turubai, viti vya kukodi, kuku wamechinjwa. Wabwile na wazee wake walikuwa wameshaketi kwa heshima na soda mkononi. Nekoye alipita akawasalimia, uso bado umevimba, kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya jikoni. Sifuna alikuwa ameketi juu ya kinu, kichwa kati ya magoti.

“Sijakuja kugombana,” Nekoye alisema. “Yule mama amepoteza jicho.”

Sifuna alizidi kuinamisha kichwa.

“Nilisikia. Si mimi nilirusha, lakini ni mimi niliwaita. Nilionyesha watu wa bodaboda hapo Kitale video ya darasa yako, wakakasirika, ikawa vile ilikuwa. Niue tu, dada.”

“Nani alikuonyesha wewe?”

“Hiyo siwezi.”

“Sifuna.”

“Siwezi! Niliapa!”

“Basi nionyeshe video pekee. Hiyo hukuapa.”

Alifikiri, akatoa simu, akampa bila kumtazama. Nekoye akabonyeza.

Alijiona mwenyewe kwa mgongo, akipita kati ya mashuka meupe. Akasikia sauti yake: “Acha hata jina lako life kidogo.” Hapo video ikakatwa. Hapakuwa na lile neno analolisema kila siku baada ya hapo, “Sasa rudini, polepole, geukieni upande wa kulia.” Aliyekata alijua anakata wapi.

Akaicheza tena. Mzee Hiram alikuwepo, mdomo wazi. Emmy alikuwepo. Sellah alikuwepo, na macho yake mawili. Karibu na dirisha palikuwa na mkeka wa kijani, na mkekani hapakuwa na mtu.

Nekoye aliweka kidole juu ya ule mkeka mtupu.

“Ni bakoki wako,” alisema.

Sifuna alianza kulia.

Nekoye alitembea mpaka chini ya turubai akiwa ameinua simu. Mzee wa upande wa Wabwile alikuwa katikati ya hotuba.

“Wabwile, simama.”

“Nekoye, si mzee anaongea?”

“Siku hii ya video, sote tulikuwa tumelala. Wewe ulikuwa wapi?”

“Video gani?”

“Mkeka wako uko hapa. Wewe hauko. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na simu, ndio au sio?”

Wabwile alitazama wazee wake, akatazama plasta yake.

“Nilitaka akurudishe nyumbani tu,” alisema mwishowe. “Nilikuomba uache, ukakataa. Ningefanya nini? Ulinikataza mikono! Nikamwambia bakoki aje akutoe kidogo, akutishe. Sikujua ataleta watu. Lakini mimi sijapiga mtu, Nekoye! Uliza yeyote! Mikono yangu ni safi!”

“Kwa sababu ulitumia ya kaka yangu.”

Hapo ndipo Misikhu ilipolipuka. Kiti kilirushwa. Binamu mmoja alimkamata Wabwile kwa kola, mwingine akampiga teke la mbavu, akaanguka kwenye sufuria za wageni, mchuzi ukamwagika kifuani. Mtu alipaza sauti kuitisha mafuta ya taa. Wazee wa Wabwile walishatoroka kwenye migomba, koti moja limebaki kwenye kiti. Na Sifuna akatokea nyuma ya jikoni na rungu lake, macho mekundu.

“Nilikufichia! Nimelala njaa nikikufichia! Umenifanya nipige damu yangu! Yule mama jicho yake iko wapi, bakoki?”

“Bakoki, nisamehe—”

“Usiniite hivyo!”

Rungu lilipanda. Mama yao akafunika macho.

Nekoye alijitupa juu ya Wabwile. Alimfunika kichwa kwa mikono yake miwili, vilevile yeye alivyomfunika juu ya vioo.

“Toka, Nekoye!”

“Sitoki. Nipige mimi tena, unajua njia.”

“Huyu mbwa ndiye unamkingia?”

“Simkingii kwa sababu nampenda. Nampenda bado, na inaniuma mpaka kwa mifupa, na hiyo ni shida yangu. Lakini hapa hauawi mtu. Baba alitupiga kwa hii boma mpaka akakufa. Imetosha!”

Rungu lilibaki hewani kwa muda mrefu. Kisha likaanguka lenyewe, likaviringika mpaka kwenye kuku waliokuwa wakila wali uliomwagika.

Wabwile alikuwa akilia chini yake.

“Bado unanipenda. Umesema mwenyewe.”

Nekoye aliinuka, akafuta mchuzi kwenye gauni lake.

“Nimesema. Sasa inuka, uende nyumbani ukiwa mzima. Sitakupiga, sitakutukana, sitakuombea mabaya. Lakini sitaolewa na wewe. Nenda.”

Wabwile alienda kwa miguu mpaka barabarani, na hakuna aliyemgusa.

*

Sifuna alijipeleka polisi mwenyewe, na hakumficha mtu tena. Kesi bado iko kortini, yake na ya Wabwile, na jaji ataamua lake.

Mvua za kupanda zilipoanza, Nekoye alifungua darasa upya kwenye nyumba nyingine. Siku ya kwanza, simu ililia kabla hajaanza, ujumbe wa Wabwile: “Mkono umepona. Bado napumua vile ulinifunza. Tafadhali tuongee.”

Aliusoma mara mbili. Akajibu: “Endelea kupumua.” Akazima simu.

Sifuna alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, haingii, hatoki. Kila wiki alikuwa akimbebea Sellah magunia ya sukuma wiki mpaka sokoni, na bado hakuwa amepata ujasiri wa kumtazama usoni.

“Laleni chali,” Nekoye alisema. “Fumbeni macho.”

“Mimi limebaki moja, mwalimu,” Sellah alisema. “Nitamaliza haraka.”

Emmy aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Sellah mwenyewe alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka upande mmoja. Akageuza kichwa mlangoni.

“Na wewe kijana, ingia ama utoke. Hapo unaniletea baridi.”

Mkeka uliobaki ulikuwa ule wa kijani. Sifuna alijilaza juu yake, mwili mgumu, ngumi zimekunjwa. Sellah akanyoosha mkono na kumtupia nusu ya shuka lake.

“Acha miguu ife,” Nekoye alisema. “Acha mikono ife.”

Vidole vya Sifuna vilifunguka kimoja kimoja, na machozi yakamwagika mpaka masikioni. Siku hiyo Nekoye alikawia sana kuwaambia warudi.