Milango Minne ya Mzee Bartholomayo

Asubuhi moja kijijini Chiwata, Dorika aliinamia ndoo ya unga wa ugali iliyolala bila kifuniko. Ndani yake alikuta vipande vya rangi ya bluu.

"Baba Huruma! Njoo uone. Leo tunakula rangi!"

Mumewe Zabroni alikuja mbio. Vipande vile vilitoka kwenye kabati la jikoni. Rangi aliipaka upya mwenyewe mwaka jana, juu ya bluu ya zamani, akajisifu kijiji kizima. Sasa ilikuwa inabanduka kama maganda ya kitunguu.

"Mbao zimezeeka," alisema haraka. "Masasi mjini nimeona milango mipya, inang'aa mpaka unajiona uso. Tung'oe hii, tuweke ile. Kizuri chajiuza, mke wangu!"

Dorika hakucheka. Kabati lile lilitengenezwa na baba yake, Mzee Bartholomayo wa Mnyambe, seremala wa siku nyingi. Aliwapa siku ya harusi yao. Hata sasa, kila akija, huweka kigoda na kukaa akilitazama. Na baada ya wiki tatu angekuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake Huruma. Akute milango yake imekuwa kuni? Dorika aliona uchungu.

"Kabla ya kung'oa, tumwite anayejua," alisema. Zabroni alinuna, lakini alikubali.

Kesho yake bodaboda ilimshusha binti mwenye mfuko wa vifaa. Jina lake Priska.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," walijibu. Zabroni akachungulia nyuma yake. "Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ni mimi, baba. Ulimtaka mwenye ndevu?"

Dorika alicheka mpaka akashika mbavu.

Priska aliifungua milango mmoja mmoja. Aligonga mbao, akasikiliza. Alizibonyeza kwa ncha ya bisibisi.

"Kabati likichakaa, msitazame rangi. Tazameni mbao," alisema. "Mwili wa kabati ukiwa mzima na milango mizima, osha, piga msasa, paka upya. Mwili ukiwa mzima lakini milango imeoza au imepinda, badilisha milango tu. Ila mwili ukiliwa na mchwa, milango mipya haisaidii. Itashikwa na nini?"

"Na hili letu?" aliuliza Dorika.

"Mwili mzima, mama. Milango mitatu mizima." Alikwangua rangi kidogo. Chini yake ilitokea mbao nzuri, nyekundu-nyekundu. "Ala! Huu ni mninga. Nani alifunika mninga kwa rangi?"

"Baba yangu mwenyewe, aliyelitengeneza," alisema Dorika. "Lilikuja na bluu yake. Miaka kumi na minne najiuliza."

"Lakini mbona rangi yangu haikushika?" aliuliza Zabroni.

Priska alipitisha kidole juu ya kabati. Kilirudi cheusi, kinanata. "Mnakaanga korosho humu ndani?"

Dorika aliinamisha kichwa. "Mvua ikinyesha, ndiyo."

"Moshi wa maganda ya korosho una mafuta. Yameganda hapa. Na wewe baba, uliosha kabla ya kupaka?"

Zabroni alikohoa. "Nilipangusa. Kidogo."

"Basi. Rangi haishiki juu ya mafuta na masizi. Hata hiyo milango ya mjini ingeharibika na moshi huu."

Kisha Priska akabonyeza mlango wa nne, ule wa chini karibu na ndoo ya maji. Bisibisi ilizama.

"Huu umekwisha. Tena si mninga, ni mwembe. Nitawatengenezea mwingine wa mninga."

Dorika alikubali kwa shingo upande. Baba yake angejua tu.

Kazi ilianza. Priska alishika mlango mpya, Dorika na Zabroni wakashika kabati. Walimwaga unga ule wenye rangi, hata kuku hawakupewa. Walilitoa kabati nje, wakang'oa milango, wakaviosha vyote kwa maji ya moto na sabuni. Walivianika kivulini siku mbili. Kisha wakakwangua na kupiga msasa nje, mbali na watoto na chakula. Walifunga vitambaa puani na kulowanisha rangi, maana vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na sumu. Zabroni alisugua mpaka mikono ikamuuma, lakini mninga ulipoanza kuonekana aliimba. Mwisho wakapaka vanishi mara mbili, ya kwanza ikauke ndipo ya pili ifuate. Dorika naye alihamishia jiko la korosho nje, chini ya kibanda cha makuti.

Siku ya kipaimara, Mzee Bartholomayo aliingia jikoni. Alipapasa mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne, mkono ukasimama.

"Huu si wangu."

"Baba, ule ulikuwa umeoza," alisema Dorika. "Nisamehe."

Mzee aligeuka kuangalia kama kuna mgeni anayesikia. Kisha akacheka.

"Mninga uliniishia, mwanangu, na harusi ni kesho! Nikaweka mwembe, nikafunika kabati zima kwa bluu ili pasijulikane. Tangu siku hiyo nikija hapa nautazama mlango ule tu, roho juu. Najiuliza, wameshagundua?"

"Na mimi nilidhani unalipenda kabati!"

"Nalipenda. Lakini leo ndipo limekamilika."

Aliufungua mlango mpya, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akavuta kigoda chake, akaketi akilipa kabati mgongo, na kuomba ugali.