Gari Lisiloingizwa Ndani

Orest Wasylyk aliweka kiganja juu ya boneti, kikanata. Hita ya injini ilikuwa imechomekwa kwenye umeme tangu jana yake, waya ukining'inia puani mwa gari kama ilivyo kwa kila gari la jimbo lile la baridi kali, Saskatchewan, mwezi wa Januari, na injini ilipaswa kuwa vuguvugu. Badala yake chuma kilikuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Alipokibandua kiganja, ngozi ilibaki pale. Kisha ndani ya injini, ambayo ilikuwa imezimwa, kitu kikagonga. Ko, ko, ko.

"Chuma kinajikunja tu," alijiambia, maana lazima mtu ajiambie kitu.

Gari lile alilihitaji kuliko alivyolihitaji shamba. Mkewe, Corinne, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na daktari hakumficha neno: uchungu ukianza, aletwe hospitali papo hapo. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima, barabara nyeupe tupu. Na Orest, kwa ubahili wake, alikuwa ameuza gari zuri la petroli akanunua hili la dizeli mnadani kwa bei ya kutupa, akajiona mjanja.

Akamwita Bernadine Thiessen, fundi pekee wa eneo lile, mama mnene mwenye mdomo mchafu.

"Umelinywesha dizeli ya kiangazi, we bahili?" alisema akishuka kwenye bredauni lake la kuvutia magari. "Inaganda kama samli, halafu unanitoa kitandani."

"Ya msimu wa baridi, Bernadine. Na dawa ya kuzuia kuganda nimetia."

"Tutaona."

Alianza na betri: nzima. Akapima plagi za kupasha joto, moja baada ya nyingine, zote zinapitisha umeme. Akafungua filta, dizeli ikatoka safi, haina nta ya kuganda. Akamwambia Orest awashe. Stata ilizungusha injini kwa nguvu, lakini hakuna hata moshi mweupe uliotoka nyuma, na injini inayovuta dizeli bila kuiwasha lazima iteme moshi. Bernadine akaacha utani. Akachomoa plagi iliyopaswa kutoka ikiwa nyekundu kwa moto. Ilikuwa imevaa barafu.

"Kuna kitu kinakula joto humu," alisema. Akazunguka, akamulika kioo cha dereva kwa tochi. Kwa ndani kilikuwa na ufa, na kuuzunguka ufa kulikuwa na alama za kahawia zisizofutika. "Hili limepakwa rangi upya. Lilikuwa la kijani?"

"Sijui. Kwani nini?"

Bernadine alishusha sauti kana kwamba gari lina masikio. "Mimi ndiye niliyelivuta kutoka mtaroni, na mwenyewe akiwa ndani, maiti. Lilimzimikia barabarani, likateleza hadi mtaroni, milango ikaganda. Alichoma viti apate joto. Vidole vyake vilikuwa vimevunjika kwa kugonga kioo. Watu walipita, Orest. Walipunga mkono, wakadhani anawasalimu."

Orest aliutazama tena ule ufa.

"Nililiingiza karakanani kwangu, kwenye joto, milango iachie tuweze kumtoa. Mbwa wangu alikuwa amelala chini yake. Jiko linawaka, mimi nimevaa fulana, na mbwa nikamkuta amekuwa jiwe. Gari likawaka kwa mguso mmoja." Alifunga boneti taratibu. "Mwenzio nilidhani limeshasagwa chuma chakavu. Lisiingie ndani, unanisikia? Likiingia kwenye joto, linachukua lake. Kesho nitakuletea gari langu la akiba."

"Unataka kuniambia gari lina jini?"

"Nakuambia liache nje."

Kesho yake ikaja tufani ya theluji, si Bernadine. Ilipotulia mchana, Corinne alishika ukingo wa meza ya jikoni, akainama.

"Orest. Ndiyo hii."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwenye ajali ya barabara kuu, lingefika jioni. Simu ya Bernadine iliita bila kupokewa. Trekta lilikuwa limeganda.

"Liingize hilo gari bandani lipate joto," alisema Corinne, meno yameuma mdomo. "Majirani wote wanafanya hivyo. Una nini wewe?"

Banda lao la gari lilishikana na chumba cha jiko, mlango mmoja tu katikati. Orest alitoka, akaegemeza bega nyuma ya gari akitarajia kusukuma hadi mgongo ukatike, lakini liliteleza lenyewe, taratibu, likaingia.

Ndipo alipofanya jambo la kikatili. Alimwita Borys, mbwa wao mzee aliyekuwa kiziwi nusu, akamrushia kipande cha soseji chini ya injini, akamfunga kamba kwenye gurudumu la mbele. Borys alitikisa mkia. Orest alifunga mlango, akaziba mwanya wa chini kwa mataulo, akarudi kumshika mkewe mkono.

"Mbona unalia?" Corinne alinong'ona.

"Silii."

Ko, ko, ko, ikasikika bandani, na baada yake ukaja mvuke wa dizeli na harufu ya kitambaa kinachoungua, ukapenya mataulo, ukatambaa sakafuni, na vioo vya jikoni vikaota barafu kwa ndani, na supu ya viazi iliyokuwa ikichemka jikoni ikanyamaza huku moto bado unawaka chini yake, na Orest akafumba macho akaomba kimoyomoyo, mchukue mbwa, mchukue mbwa, mchukue mbwa, mpaka aliposikia kwamba kugonga kumekoma.

Akafungua mlango. Borys alisimama, mzima, akamlamba kiganja chenye kidonda. Ulimi wake ulikuwa wa moto. Na boneti nayo ilikuwa na joto. Orest alimfungua kamba, akazungusha ufunguo, injini ikawaka kwa mguso mmoja, akacheka na kulia kwa pamoja, akambeba mkewe hadi kitini.

Walikwenda maili nyingi. Hita ilipuliza joto usoni mwao.

"Uchungu umeacha," alisema Corinne.

"Afadhali. Tunakaribia."

"Nilikuwa naogopa kukuambia. Tangu asubuhi sikumsikia akicheza." Midomo yake ilikuwa ya bluu, lakini alikuwa akitabasamu kama hajawahi. Akachukua mkono wa mumewe, akaupenyeza chini ya sweta hadi tumboni. "Sasa mguse. Yu mzima, Orest. Sikia anavyopiga."

Kiganja kikanata. Orest alijaribu kukibandua, kikakataa, na chini ya ngozi ya mkewe, polepole, kitu kikagonga. Ko, ko, ko.