Hukumu ya Bwana Tillman

Mwaka ule Mtaliano alipoivamia Uhabeshi, Mengesha alikuwa akilinda njia ya mlimani na watu mia tatu, kila mmoja na risasi nne tu. Nyuma yao kulikuwa na vijiji tisa visivyo na ngome. Akamtuma mdogo wake Wubneh, mwenye cheo cha Balambarasi, aende Addis Ababa kwa Bwana Tillman, Mmarekani muuza bunduki aliyekwisha kukaa nchini miaka minane na kusema Kiamhari bila kukwama.

Wubneh alitembea siku kumi na saba, ngao mgongoni, shuka lake jeupe limegeuka rangi ya vumbi. Alimkuta Tillman akifunga ghala.

"Risasi ninazo," alisema Tillman, "ila sheria mpya ya kwetu imenikataza. Vita hivi si vyetu. Hatumuuzii silaha Mtaliano, wala hatuwauzii ninyi."

Loo, usawa gani huo! Mtaliano ana viwanda vyake vya mizinga, Mhabeshi ana mkuki wa babu yake.

Wubneh hakukata tamaa. Desturi ya Uhabeshi ilikuwa hivi: mwenye ugomvi akimwita mpita njia yeyote kwa jina la Mfalme, sharti mtu huyo asimame aamue, hata kama anawahi mazishi. Basi akamgeukia Tillman mwenyewe, akapaza sauti pale pale barabarani: "Kwa jina la Mfalme, simama uamue!" Watu wakajaa. Tillman akavua kofia, akaketi juu ya kasha, akasikiliza.

"Ndege zao na malori yao yanakunywa nini?" Wubneh aliuliza.

"Petroli. Nyingine inatoka kwetu."

"Nayo si silaha?"

"Kisheria, si silaha." Tillman aliinamisha uso. "Naamua. Haki ni yenu, Balambarasi. Wazi kabisa."

Vigelegele vikapigwa! Wubneh akambusu magoti, akangoja makasha yafunguliwe, maana kwao mwamuzi akishatamka, mambo yamekwisha. Tillman akainuka, akakaza kufuli. "Nisamehe," akasema, akaenda zake huku analia. Alilia kweli, maskini, lakini kufuli hakulifungua.

Wubneh aliporudi mlimani, Mengesha alimkimbilia. "Umeleta ngapi?"

"Hata moja, kaka. Lakini tumeamuliwa kuwa haki ni yetu."

Mengesha alimtazama, kisha akacheka kicheko kibaya. Bondeni malori yalikuwa yakinguruma, yakipanda.

"Haya, pita ukawagawie haki yao. Kisha okota mawe, uje usimame hapa kando yangu."

Wubneh alipita kweli, mtu baada ya mtu, akiwaambia. Wengi walimshukuru. Ndege zilifika kabla hajaimaliza safu.