Ajida Kyungu na Bega Lililogoma

Kila asubuhi, majirani wa kambi ya askari pale Kamina waliamshwa na Kyungu, askari wa cheo cha ajida. Hawakuhitaji jogoo. Kyungu alisimama uani, kifua wazi, mbele ya chuma chake: bomba moja na mikebe miwili iliyojazwa saruji. Kisha alijiamuru mwenyewe kusimama wima.

"Garde-à-vous!"

Hapo alivuta mabega nyuma na kuyabana kabisa, kama alivyofundishwa kusimama kwenye gwaride. Akainua chuma juu ya kichwa, mabega yamebanwa vilevile.

"Papa Ndaya, bega yako inalia sawa mulango ya zamani," alisema mke wake, Tshiala, aliyeuza samaki wakavu wa Kinkondja. Alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Bega ya askari haitikisikake," alijibu Kyungu. "Weye angalia samaki yako."

Siku moja bega likagoma. Mkono wa kulia ulifika usawa wa kifua, ukakataa kuendelea. Kyungu aliogopa kweli. Kamanda mpya alitarajiwa mvua zitakapoanza, na Kyungu ndiye aliyechaguliwa kuongoza kikosi na kupiga saluti mbele ya jukwaa. Heshima hiyo aliitamani miaka mingi. Askari asiyeweza kupiga saluti ataongoza nini?

Basi akanyamaza. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kyungu aliumbuliwa na kuku.

Alijua kwamba askari mwenye mzigo mkononi hapigi saluti. Kwa hiyo alichukua kuku wa mke wake, akambana chini ya mkono wa kulia, akazunguka naye kambini. Akikutana na mkubwa, aliinamisha kichwa tu.

"Jambo, chef. Niko na kuku."

Asubuhi kuku, mchana kuku. Watu wakaanza kuuliza kama kuku huyo ni mgonjwa. Mwishowe akakutana na Meja Christophe.

"Ajida, hii kuku iko munene. Unauzisha?"

"Hapana, mon major. Njo ya bibi yangu."

"Leta kwanza niipime uzito."

Meja akamchukua kuku, kisha akasubiri saluti yake. Kyungu akainua mkono. Ukaishia kifuani. Kwa haraka akainama, akapeleka kichwa kwenye mkono.

"Ajida," meja akauliza, "unapiga saluti ao unatafuta chawa?"

Jioni Kyungu alimweleza Tshiala yote. Tshiala alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona mume wake hacheki hata kidogo, naye akaona huruma.

"Juu ya nini ulinificha? Kesho tunaenda kwa Mama Mireille."

Mireille alikuwa jirani yao. Kazi yake hospitalini ilikuwa kine, yaani kurudishia viungo nguvu kwa mazoezi. Alimpa Kyungu ufagio, akamwambia auinue kama chuma. Yeye akaweka kiganja mgongoni pake.

"Papa Ajida, unafungaka mabega nyuma?"

"Ndiyo. Garde-à-vous."

"Njo matata. Garde-à-vous ni ya kusimama, haiko ya kunyanyua. Hapa mugongoni kuko mufupa mupana. Mukono ikipanda, nayo inapaswa kutembea. Ni sawa bantu babili banabeba kitanda. Moya akienda, mwingine akisimama, kitanda itaanguka."

"Basi nipandishe mabega?" Akayapandisha mpaka masikioni.

"Wapi! Ile ni sawa mutu mwenye ananyeshewa na mvua. Shingo ikae murefu. Bega ikae mbali na sikio. Usiikaze. Iache itembee."

Mireille akamwambia aache chuma kwanza. Kila siku apashe mwili moto kwa kuzungusha mabega polepole. Kisha asimame mbele ya ukuta na kutelezesha mikono juu, mpaka pale pasipouma. Halafu aweke viganja ukutani na kujisukuma, viwiko vikiwa karibu na mbavu.

"Uchungu ikikuya, simama. Uchungu haiko medali," alisema. "Chuma itarudia pole pole, nyepesi kwanza."

Kyungu aliona haya kusukuma ukuta. Jirani mmoja aliuliza kama nyumba inaanguka. Lakini Tshiala alisimama nyuma yake kila siku. "Mabega chini! Shingo!" Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Wiki zikapita. Mkono ukafika kidevuni, halafu sikioni.

Mvua zikaanza, na kamanda mpya akafika. Kikosi kikapita mbele ya jukwaa, Kyungu akiongoza. Kwa woga, mabega yake yakapanda mpaka kwenye masikio. Tshiala, kati ya wanawake waliokuja kutazama, akasahau alipo.

"Mabega chini!"

Kikosi kizima kikashusha mabega. Jukwaani, kamanda naye akashusha yake. Kyungu akapumua, na mkono ukapanda wote bila kuuma. Vidole vikagusa kofia. Tshiala akalia kwa furaha, wala hakujificha.

Kesho yake kamanda akamwita Kyungu ofisini.

"Nani alitoa amri jana katika defile?"

"Bibi yangu, mon colonel," alijibu Kyungu.

Kamanda akatazama mlango, akasugua bega lake. "Yangu pia inagoma," akanong'ona. "Lakini usiambie mutu."

"Mon colonel, hii haifichwake. Mama Mireille atakuangalia. Leo tuanze na ukuta."

Wakasimama bega kwa bega na kusukuma ukuta wa ofisi. Mlango waliuacha wazi.